Injini Huchaguliwa na Njia: Funzo la Motokaa Kubwa za Marekani kwa Watu wa Gwassi

Mtu asimamaye katika soko la Magunga, mji mdogo wa Gwassi ulio baina ya vilima na Ziwa Viktoria katika kaunti ya Homa Bay, akayatazama magari yatokayo Sindo na Mbita, au yashukayo kuelekea Karungu na Sori katika kaunti ya Migori, hatakosa kuona kwamba watu wa huku wamekwisha kuchagua injini zao, na wamezichagua kwa akili. Ziko pikipiki za bodaboda zenye injini ya sisi 100 au 150. Ziko Toyota Probox zenye silinda 4 na ujazo wa lita 1.3 au 1.5, na ziko Land Cruiser za serikali, za hospitali na za miradi, ambazo chini ya boneti zake mna mtambo wa dizeli wa silinda 6 na lita 4.2. Kila mmoja katika mitambo hiyo una kazi yake, na aghalabu mwenye chombo aweza kukueleza, pasi na kusita, kwa nini alichagua huo akauacha mwingine.

Nimeanza na Magunga kwa kusudi, ingawa mada yangu ni mitambo iliyozaliwa mbali sana na ziwa hili, katika viwanda vya Detroit, ikatiwa katika motokaa kubwa za anasa ambazo majina yake, Cadillac, Lincoln na Imperial, yalivuma ulimwenguni katikati ya karne iliyopita. Katika vijiwe vya vijana wetu na katika vibanda vya mafundi wa jua kali habari za mitambo hiyo husimuliwa kwa mapenzi makubwa, ukatajwa ujazo wake na nguvu zake za farasi. Nami ni miongoni mwa waipendao. Lakini mapenzi pasi na maarifa humpoteza mtu, na maarifa yaliyomo katika historia ya injini hizo ni haya: kwamba ubora wa injini hutokana na kupatana kwake na njia itakayopita, mzigo itakaouvuta, mafuta itakayoyanywa na fundi atakayeifungua. Wamarekani wenyewe walijifunza jambo hilo kwa gharama kubwa, na sisi tulio katika barabara za changarawe na udongo mweusi tuna haki ya kujifunza kwa gharama yao.

Fahari ya silinda nane

Cadillac ilitoa injini yake ya kwanza ya V8 mwaka 1914, na mwaka 1930, ijapokuwa dhiki ya uchumi ilikuwa imekwisha kuingia ulimwenguni, ikathubutu kutoa injini ya silinda 16 yenye ujazo wa inchi 452 za mchemraba, yaani lita 7.4. Walakini mtambo uliokuja kuwa msingi wa zama zilizofuata ni ule wa 1949, wenye silinda 8 na valvu zilizowekwa juu, katika kichwa cha injini, badala ya ubavuni mwa bloku. Ulikuwa na inchi 331, sawa na lita 5.4, ilhali ule uliotangulia ulikuwa na inchi 346. Ukapungua ujazo, ukapungua na uzito, na juu ya hayo ukatoa nguvu za farasi 160 pale ambapo wa zamani ulitoa 150. Siri yake ilikuwa katika kupumua: hewa na petroli viliingia kwa njia iliyonyoka zaidi, moshi ukatoka kwa wepesi, na mchanganyiko ukabanwa kwa nguvu kabla ya kuwashwa, hata kila tone likafanya kazi kubwa kuliko zamani. Hivyo chanzo chenyewe cha fahari ile kilikuwa ushindi wa akili juu ya ukubwa, jambo ambalo wengi wa waisifuo V8 hawalikumbuki.

Baada ya hapo yakaanza mashindano yasiyokuwa na simile. Mwaka 1951 Chrysler ilitoa injini ya FirePower, yenye inchi 331 pia lakini ikiwa na vyumba vya kuwashia vilivyochongwa kwa umbo la nusu tufe, ikapata nguvu 180. Na Imperial, ndugu yake wa anasa, ikaichukua. Mwaka 1958 Lincoln ikaja na inchi 430, lita 7 kamili, na nguvu 375. Mwaka uliofuata Imperial ikajibu kwa inchi 413 na nguvu 350, na Cadillac, ambayo mwaka huo ilivaa yale mapezi ya nyuma yaliyo marefu kuliko ya mwaka wowote mwingine, ikatoa inchi 390 na nguvu 325, na kwa modeli yake ya Eldorado ikaongeza kabureta zikawa tatu hata nguvu zikafika 345. Haikukoma hapo: mwaka 1968 Cadillac ilifika inchi 472, na mwaka 1970 Eldorado ikapewa inchi 500, lita 8.2, ujazo ambao motokaa ya Marekani ya zama hizo haikuuzidi.

Ni wajibu kuuliza sababu, kwa maana watu wale hawakuwa wapumbavu. Motokaa yenyewe ilikuwa na urefu wa karibu mita 5.7 na uzito uliozidi tani 2. Ndani yake mlikuwa na mashine ya kupozea hewa, usukani uliosaidiwa na mafuta, madirisha yapandayo kwa umeme, na gia zijibadilizo zenyewe, na vyote hivyo vilikula sehemu ya nguvu ya injini kabla gurudumu halijazunguka. Petroli ilikuwa rahisi, na sheria ya barabara kuu iliyopitishwa mwaka 1956 ilianza kuifunga nchi nzima kwa njia pana zilizonyoka. Injini kubwa iliyozunguka polepole ilikuwa, kwa nchi ile na kwa wakati ule, njia iliyo dhahiri ya kupata utulivu: haikutakiwa kupiga kelele wala kukimbilia gia ya chini kila ilipoona mwinuko, kwa kuwa nguvu yake ya kuvuta ilipatikana tangu mwanzo kabisa wa mzunguko. Tajiri hakuinunua ili ashindane; aliinunua ili afike pasipo kuisikia.

Na hapa pana jambo la kutafakari. Katika daraja ya juu kabisa, mnunuzi hakuwa na hiari kubwa ya injini. Aliyeingia katika duka la Chevrolet mwaka 1962 kutaka Impala aliletewa orodha: silinda 6 za inchi 235, au V8 ya inchi 283, au 327, au 409, kila mtu na haja yake na mfuko wake. Aliyeingia katika duka la Cadillac alikuta injini moja, na hiari yake ilikuwa katika rangi, ngozi ya viti na urefu wa bodi. Kampuni ilimchagulia, kwa kuwa iliamini kwamba inaijua njia yake. Lincoln ilifanya vivyo hivyo mwaka 1961, ilipoitoa Continental mpya yenye injini moja tu ya inchi 430 iliyopunguzwa nguvu hadi 300, ikawa kila injini huwashwa na kujaribiwa kwa muda wa saa 3 kabla ya kutiwa garini, na mnunuzi akapewa dhamana ya miezi 24 au maili 24,000. Kupunguza nguvu ili kuongeza uaminifu ni hekima ambayo fundi yeyote wa Homa Bay angeipigia makofi.

Kutoka Rusinga hata Daytona

Mwaka ule wa mapezi marefu, 1959, haukuwa mgeni kwetu. Ndio mwaka ambao Tom Mboya, mwana wa Rusinga, kisiwa kilichotengwa na Mbita kwa mkono mwembamba wa maji, aliwasafirisha wanafunzi 81 wa Kenya kwenda kusoma Marekani, safari iliyoanza mwezi wa Septemba na kufuatwa na nyingine hata mamia ya vijana wa Afrika Mashariki wakapata elimu ya juu ambayo serikali ya kikoloni haikuwapa. Vijana waliotoka katika nchi ambayo barabara nyingi zilikuwa za udongo waliingia katika nchi ya Cadillac za inchi 390. Njia mbili zisizofanana, na kila njia iliitaka injini yake.

Miaka 5 baadaye, Wamarekani nao walikuja kuijaribu njia yetu. Mashindano ya magari yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, yakipita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa yamekwisha kupata sifa ya kuwa magumu kuliko yote duniani. Mwaka 1963 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, na aliyeshinda, Nick Nowicki, aliendesha Peugeot 404 yenye injini ya lita 1.6. Mwaka 1964 idara ya Lincoln na Mercury ya kampuni ya Ford ikaleta kikosi cha motokaa za Mercury Comet, zenye V8 ya inchi 289, yaani lita 4.7. Comet haikuwa ya anasa kama Lincoln, lakini ilikuwa ndugu yake wa duka moja, na ilikuja na rekodi ya kutisha: mwishoni mwa 1963, katika uwanja wa Daytona huko Florida, Comet 4 zilikuwa zimekimbia maili 100,000 kila moja kwa mwendo wa wastani uliozidi maili 100 kwa saa.

Matokeo ya Safari ya 1964 yanajulikana. Mvua ilinyesha, matope yakashika, na katika Comet zote zilizoondoka ni mbili tu zilizofika mwisho, moja ya 18 na nyingine ya 21. Mshindi alikuwa Peter Hughes katika Ford Cortina GT iliyoundwa Uingereza, yenye injini ya lita 1.5, ndiyo kusema kampuni ile ile ya Ford ilishindwa kwa injini moja na ikashinda kwa nyingine ambayo haikufikia hata theluthi ya ujazo wa ile ya kwanza. Aliyeifikisha Comet ya 21 alikuwa Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, dereva asiyehitaji kutetewa na mtu. Kwa maana mwaka uliofuata, 1965, dereva huyo huyo alichukua Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, yenye silinda 4 na lita 1.8, akawa wa kwanza. Mikono haikubadilika, wala matope. Kilichobadilika ni chombo.

Sisemi kwamba injini ya inchi 289 ilikuwa mbovu. Ilizunguka Daytona kwa siku nyingi bila kuchoka, na V8 hiyo ya Ford imeheshimika mpaka leo. Lakini uwanja wa Daytona ni lami iliyosawazishwa, hauna mto wa kuvuka wala kilima cha utelezi. Na katika matope nguvu nyingi hupita kwenye tairi na kuchimba shimo, uzito wa injini mbele huzamisha magurudumu, na kila kilo ya ziada huwa deni ambalo springi na shokabsoba hulilipa. Dereva wa Probox apitaye Bonde la Lambwe wakati wa masika anaujua ukweli huo kwa mwili wake, japo hajapata kusikia jina la Comet.

Nguvu za karatasini

Vijana wengi wanaposoma kwamba Eldorado ya 1970 ilikuwa na nguvu za farasi 400, na kwamba ile ya 1972 yenye injini ya inchi 500 ile ile ilikuwa na 235, hudhani kwamba kampuni iliinyonga injini katika muda wa miaka miwili. Sehemu ni kweli, kwa kuwa mwaka 1971 mbano ulipunguzwa ili injini iweze kutumia petroli yenye madini ya risasi kidogo, na nguvu zikashuka hadi 365. Lakini sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na kipimo. Hadi 1971 injini ilipimwa mezani, ikiwa imevuliwa feni, kichujio cha hewa na ekzosi ya kawaida, kama mwanariadha avuliwaye nguo kabla ya kupimwa uzito. Kuanzia 1972 ilipimwa ikiwa imevaa vyote itakavyovaa barabarani, na hesabu ikawa ya insafu. Motokaa ilikuwa ile ile, na nguvu 400 za karatasini hazikupata kufika kwenye gurudumu hata siku moja.

Kisha ikaja 1973. Vita vya Mashariki ya Kati vilizuia mafuta, bei ikapanda mara dufu na zaidi, na motokaa iliyokwenda kilomita 4 au 5 tu kwa lita moja ikageuka mzigo hata kwa wenye nacho. Mwaka 1975 Baraza la Marekani likapitisha sheria ya kuzitaka kampuni zitimize kiwango cha wastani cha matumizi ya mafuta, kilichoanza kushika kwa magari ya 1978. Na mwaka 1977 Cadillac ikafupisha bodi zake na kushuka kutoka inchi 500 hadi 425, kisha 368 mwaka 1980. Lincoln ikaanza kutia injini ya inchi 400 pale ilipokuwapo ya 460, na mwaka 1980 ikawa na inchi 302 kwa kawaida na 351 kwa anayetaka. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, mnunuzi wa motokaa ya anasa alipopewa hiari ya kweli ya injini; na hiari hiyo, kwa bahati mbaya, ililetwa kwa haraka.

Injini tatu zilizoharakishwa

Ya kwanza ilikuwa dizeli ya Oldsmobile, kampuni ndugu ya Cadillac, ya inchi 350, lita 5.7, iliyoanza kuuzwa 1978 na kutiwa katika Cadillac kubwa kuanzia 1979. Kwa hesabu ya mafuta lilikuwa wazo zuri, na watu wa Afrika Mashariki, ambao malori na matrekta yao hayajui kitu kingine, wangelikubali upesi. Lakini dizeli haiwashwi kwa plagi. Huwaka kwa mbano peke yake, na mbano wa injini ile ulikuwa mara 22 na nusu, ilhali petroli ya siku zile ilibanwa kadiri ya mara 8. Bloku iliongezwa unene, ila boliti za kukishika kichwa cha injini ziliachwa kwa idadi na mpangilio ule ule wa injini ya petroli ili mashine za kiwandani zisibadilishwe. Shinikizo likazinyoosha boliti, gasketi ikapasuka, maji yakaingia katika silinda, na kwa kuwa maji hayabaniki, pistoni iliyopanda kuyakuta ilivunjika au ikapinda mkono wake.

Juu ya kosa hilo likaja la pili: hakikuwekwa kichujio cha kutenga maji na mafuta, katika nchi ambayo dizeli ya vituo vingi ilikuwa na maji. Pampu ya kusukumia mafuta ni kifaa cha ustadi mkubwa, hulainishwa na dizeli yenyewe, na tone la maji likiingia huanza kula chuma chake. Kila mwenye lori anayenunua mafuta ya madumu katika vituo vidogo vya Gwassi anajua kufungua kile kikombe cha chini ya kichujio akamwaga maji kabla ya safari. Jambo analolifanya kila asubuhi, wahandisi wa kampuni kubwa duniani walilisahau. Kabla ya 1985, mwaka injini hiyo ilipoachwa, wenye motokaa walikuwa wamekwisha kwenda mahakamani, na jina la dizeli likachafuka katika motokaa za Marekani kwa miaka mingi. Ilhali Peugeot ilikuwa imeanza kuuza motokaa ya dizeli, ile 403, tangu 1959, na dizeli za 504, gari lililounganishwa hapa Kenya na kubeba abiria wa Nyanza kwa safu tatu za viti, zilizeeka kwa heshima.

Ya pili ilikuwa V8 ya Cadillac ya 1981 iliyotakiwa kuzima silinda zake yenyewe, ikaenda kwa 8, kwa 6 au kwa 4 kwa kadiri ya haja. Wazo lilikuwa la kweli, na motokaa nyingi za leo hufanya hivyo; ila kompyuta ya siku zile ilikuwa nzito katika kufikiri, gari likawa linasitasita, na wengi wakakata waya ili injini ibaki na silinda zote daima. Ya tatu ni ile ya 1982 iitwayo HT4100, lita 4.1, iliyoundwa kwa bloku ya aluminiamu na vichwa vya chuma cha kusubu. Madini hayo mawili hayatanuki sawa yakipata joto. Maungio yakalegea, maji ya rejeta yakaingia katika oili, na beringi zikaliwa. Nguvu zake zilikuwa 125, ikatakiwa kuvuta motokaa kubwa ya tani mbili kasorobo.

Sasa na uilinganishe na ule mtambo wa Land Cruiser nilioutaja mwanzoni, uitwao 1HZ, uliotolewa mwaka 1990: lita 4.2, nguvu zipatazo 130, bila turbo, bila madaha. Kwa ujazo na kwa nguvu ni kama pacha wa HT4100. Lakini mmoja ulibuniwa kwa haraka ya kuikimbia sheria, ukawa aibu ya jina kubwa. Na mwingine ulibuniwa kwa chuma kizito, kwa mzunguko wa polepole, kwa mafuta ya hali yoyote na fundi wa mahali popote, ukawa tegemeo la wagonjwa na chanjo kutoka Magunga hata Goma. Mwenye kupima injini kwa tarakimu peke yake hataiona tofauti hiyo kamwe.

Pale injini kubwa inapostahili

Insafu yanitaka niseme pia mahali ambapo V8 ya Marekani ilipata makazi yake ya haki nje ya Marekani. Baada ya Sultan Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970 na kuwaita Waomani walioko ng'ambo warejee, wengi waliozaliwa Unguja na Pemba, na lugha yao ya nyumbani ikiwa Kiswahili, walihamia Maskati na miji mingine ya Ghuba. Huko Chevrolet Caprice na ndugu zake wakubwa walikubalika kwa kila sababu ya akili: petroli ilikuwa tele na ya bei nafuu, barabara mpya zilinyoka jangwani, na joto la kiangazi liliitaka mashine ya kupozea hewa yenye nguvu, ambayo injini ndogo ingeihemea. Ukiichukua motokaa iliyokuwa hekima Maskati ukaileta katika njia ya Sindo, umeifanya anasa. Nayo haikubadilika hata msumari mmoja.

Mfano mwingine ulikuja Nairobi kwenyewe. Mwezi wa Julai 2015 Rais Barack Obama, ambaye baba yake alizaliwa karibu na Kendu Bay katika kaunti hii ya Homa Bay, alizuru Kenya, na Cadillac yake ya kazi ikaletwa kwa ndege ya mizigo. Waandishi wa habari za magari wa Marekani wameeleza kwa miaka mingi kwamba motokaa hiyo, kwa uzito wa silaha na vyuma vyake, imejengwa juu ya misingi ya lori na kupewa injini ya dizeli ya lori. Jina na nembo ni za Cadillac, lakini mzigo ndio ulioamua injini, na injini za kifahari za motokaa za kawaida zikawekwa kando.

Tunayaona hayo hata katika magari ya wakubwa wetu yafikayo katika matanga na harambee za huku kwetu, yale ambayo watu wamezoea kuyaita V8. Land Cruiser ya 2007 ilikuwa na dizeli ya silinda 8 na lita 4.5; iliyoifuata mwaka 2021 ina silinda 6 na lita 3.3, na inaishinda ile ya kwanza kwa nguvu. Asiyejua historia atasema heshima imepungua. Aijuaye atakumbuka Cadillac ya 1949, iliyopungua inchi 15 na kuzidi kwa nguvu, na atajua kwamba ufundi umerudi katika asili yake.

Kwa mwenye kutamani

Wapo Wakenya wenye mapenzi na motokaa hizi za zamani, na mapenzi yao ni ya heshima. Katika uwanja wa Ngong huko Nairobi maonyesho ya Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na chama cha wenye Alfa Romeo tangu 1970, yamefundisha watu kutunza vyombo vya kale kwa adabu. Kwa anayetamani Cadillac au Lincoln, ziko hesabu za kufanya kabla ya kutoa fedha. Sheria yetu yataka usukani uwe kulia, na motokaa nyingi kati ya hizo ni za usukani wa kushoto. Petroli yenye risasi ilikomeshwa hapa mwishoni mwa 2005, na injini za kabla ya 1971 nyingi zilitegemea risasi hiyo kulinda vikalio vya valvu. Hivyo hapana budi vichwa vichongwe na kutiwa vikalio vigumu, au injini iendeshwe kwa upole. Zaidi ya hayo, uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 juu ya bahari, na hewa ikipungua injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kabureta iliyopimwa Detroit itamwaga petroli iliyozidi, plagi zitapiga weusi, na jeti zitataka kupunguzwa. Mtu akizijua hizo, basi aichague injini ya miaka ya 1949 hadi 1962 yenye mbano wa wastani, au ya 1971 na kuendelea iliyobuniwa kwa petroli yenye risasi kidogo, na aziepuke zile tatu zilizoharakishwa hata akipewa kwa bei ya chuma chakavu.

Lakini walio wengi katika Gwassi hawatanunua Cadillac, na si kwa ajili ya wachache nimeyaandika haya. Nimeyaandika kwa ajili ya kijana anayejifunza ufundi chini ya mwembe, kwa mvuvi wa Sindo anayesimama dukani baina ya mashine ya boti ya nguvu 15 na ile ya 40, na kwa chama cha akina mama kinachotaka gari la kupeleka mazao sokoni. Vyuo vyetu vya ufundi vya kaunti vingefanya jambo jema vikiwafundisha wanafunzi, pamoja na kufungua na kufunga injini, namna ya kuipima dhidi ya mahali itakapotumika: mzigo ni wa kiasi gani, njia ni ya namna gani, mafuta yapatikanayo ni safi kadiri gani, na fundi aliye karibu anaijua au haijui. Kampuni zilizokuwa na wahandisi hodari na fedha nyingi kuliko hazina za mataifa ziliyaruka maswali hayo baina ya 1978 na 1985, zikalipa. Kijana wa Magunga akiyauliza yote manne kabla ya mteja wake kutoa shilingi, atakuwa amemwokolea mteja huyo mtaji, na atakuwa amestahili kuitwa fundi.